Ifahamu Genkuru, kijiji cha Wakurya kwenye mpaka wa Tarime na Serengeti

Ukisikia Tarime, huenda unawaza mgodi wa dhahabu wa North Mara au foleni ya malori pale Sirari. Ila wilaya hii ina vijiji vingi ambavyo haviingii kwenye habari mara kwa mara. Genkuru ni kimojawapo.

Kiko wapi?

Genkuru kiko mkoani Mara, kwenye eneo ambalo wilaya za Tarime na Serengeti zinapakana. Mpaka wenyewe kwa sehemu kubwa ni Mto Mara. Mto huu wa karibu kilomita 395 unaanzia misitu ya Mau nchini Kenya, unakatiza Maasai Mara na Hifadhi ya Serengeti, kisha unapita kati ya wilaya hizi mbili kuelekea Ziwa Victoria.

Tarime ina sura mbili. Huko juu milimani kuna baridi, migomba na kahawa. Ukishuka kuelekea mtoni joto linaongezeka, na watu wanategemea zaidi ng'ombe, mahindi, mihogo, mtama na ulezi.

Wenyeji ni nani?

Ni Wakurya. Kabla ya serikali za kikoloni, Wakurya walijipanga kwa koo, na kila ukoo mkubwa ulikuwa na eneo lake linaloitwa ikiaro. Mambo mazito yaliamuliwa na wazee kwenye baraza, yaani iritongo.

Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikubaliana mpaka uliowagawa Wakurya: wengine Kenya, wengine Tanganyika. Undugu haukukatika. Mpaka leo kuna familia zina shangazi na wajomba upande wa pili.

Wakati wa Waingereza, Tarime ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya North Mara. Baadaye jina Tarime likawa la wilaya nzima, na mwaka 2007 Rorya ikamegwa na kuwa wilaya yake.

Kijiji kilikujaje?

Zamani Mkurya alijenga mji wake akizungukwa na mashamba na malisho, mbali kidogo na jirani. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilibadilisha hilo nchini kote: watu walitakiwa kukaa pamoja, karibu na shule na zahanati. Kisha sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ikavipa vijiji halmashauri yenye wajumbe 15 hadi 25.

Kwa nini mipaka ni ishu?

Kwa sababu ardhi haiongezeki, watu na mifugo wanaongezeka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,372,015 mkoani Mara. Tarime imewahi kushuhudia mapigano ya koo yaliyoanza na ardhi au wizi wa ng'ombe, mpaka serikali ikaanzisha mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime-Rorya. Vijiji vilivyo jirani na Hifadhi ya Serengeti navyo vimekuwa na mvutano wa muda mrefu kuhusu vigingi vya mpaka.

Mto nao una yake. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilitaja vinyesi vya mifugo na mimea iliyooza, lakini wapo waliopinga maelezo hayo. Kwa mtu anayechota na kunywesha ng'ombe hapo, hiyo si habari ya mitandaoni tu.

Mwananchi ana nguvu gani?

Kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na cheti cha ardhi ya kijiji ndicho kinachoonyesha mipaka yake. Halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, ambao mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea.

Kwa hiyo mbiu ya mkutano ikipigwa, nenda. Usipokuwepo, shamba na malisho yako yataamuliwa na waliofika.