Kutoka Kipaza Sauti hadi Uwanja wa Gisozi: Sanaa ya Hadhara na Utambuzi wa Hadhira Jijini Kigali

Mijadala mingi kuhusu matamasha huanza na imani kwamba sanaa, ikitolewa hadharani, humzindua mtu akaishi kwa ubunifu na utambuzi zaidi. Historia ya Rwanda hairuhusu imani hiyo ipokelewe bila kuhojiwa. Redio ya RTLM ilipoanza matangazo yake Julai 1993, muziki na mizaha ndivyo vilivyowavuta wasikilizaji, na chuki ikapenyezwa humo humo. Miongoni mwa nyimbo zilizorushwa na redio hiyo zilikuwamo za Simon Bikindi, mtunzi hodari aliyeongoza kundi la ngoma la Irindiro.

Hukumu dhidi ya Bikindi, iliyotolewa jijini Arusha Desemba 2008 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, inastahili kusomwa na wanafasihi pia, si wanasheria peke yao. Alifungwa miaka 15, lakini kilichomtia hatiani si utunzi wa nyimbo zake. Ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti mwishoni mwa Juni 1994, katika msafara wa magari uliopita barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, huku nyimbo zake zikipigwa, akiwahimiza watu wawaue Watutsi. Tukilitazama kwa umbo lake tu, tukio lile lina kila kitu tunachokiorodhesha darasani: fanani, wimbo, mahali pa wazi, hadhira. Kuamshwa, hadhira iliamshwa. Haikupewa nafasi ya kuhoji.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa tamasha la Ubumuntu, lililoanzishwa 2015 na Hope Azeda, mwongozaji wa michezo ya kuigiza na mwasisi wa kundi la Mashirika. Hufanyika mwezi Julai, siku 100 za kumbukumbu zinazoanza tarehe 7 Aprili zikiwa ukingoni, kwenye uwanja wa maonyesho wa Kituo cha Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari, Gisozi. Hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Wasanii hutoka Rwanda na ng'ambo, kiingilio hakuna, na maonyesho huandamana na majadiliano. Sehemu hii ya mwisho, ambayo taarifa za habari huipitia kwa haraka, ndiyo kiini cha jambo. Mtazamaji anayejua kwamba ataulizwa alichokiona hutazama kwa namna nyingine. Na akiwa ameketi karibu na makaburi hayo, ni vigumu ajione mgeni katika kinachosimuliwa.

Jina lenyewe lina somo. Mzizi -ntu wa Kinyarwanda ndio -tu wa Kiswahili, hivyo ubumuntu ni utu wetu, isipokuwa neno la Kinyarwanda limelibeba tumboni neno zima la mtu. Kinyarwanda kina pia neno ubuntu, lakini wazungumzaji hulitumia zaidi kwa maana ya ukarimu. Kitu kinachotolewa ku buntu ni kitu cha bure. Anayelichanganya jina la tamasha na ubuntu wa Afrika Kusini huipoteza tofauti hii: ukarimu mtu humpa mwenziwe, ilhali utu hauna wa kumpa mwingine.

Hata hivyo, Gisozi haijavuka mpaka uliovukwa Kamiriithu, Kenya, mwaka 1977. Kule wanakijiji waliisahihisha tamthilia ya Ngaahika Ndeenda wakati wa mazoezi, kabla serikali haijaifutia kibali; hadhira ilishiriki utunzi. Ubumuntu humkaribisha mzungumzaji baada ya kazi kukamilika. Huenda uzito wa mahali hauruhusu zaidi, ingawa sidhani.

Kuna pia suala la lugha, linalotuhusu moja kwa moja. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na kabla ya hapo kilikuwa kimezoeleka Nyamirambo kwa miongo mingi. Ni lugha ya majirani wa Bukavu na Goma pia. Tumezoea kuhifadhi matini za waandishi na kuyaacha maneno ya watazamaji yapotee. Katika tamasha la aina hii, anayesimama safu ya nyuma na kuuliza kwa Kiswahili cha Nyamirambo kwa nini mhusika fulani alinyamaza ametoa matini inayostahili kurekodiwa, kunukuliwa na kuchambuliwa pamoja na mchezo wenyewe.