Vidole vya Sabaya

Novemba 1849, Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai, alivuka nyika ya Tsavo akapita nchi ya Kikumbulyu, akienda Kitui kwa Kivoi, Mkamba aliyetajirika kwa biashara ya pembe za ndovu. Ni nchi ya jua kali na mito mikavu. Na huko huko ndiko alikoelezwa habari za baridi isiyopitika. Kivoi alimsimulia juu ya mlima mweupe, na tarehe 3 Desemba Krapf akauona kwa macho yake, Mlima Kenya. Mtu wa Embu akamwambia amewahi kufika chini yake, ila hakuthubutu kupanda juu kwa ukali wa baridi.

Mmisionari mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alikuwa ameiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Alipomuuliza kiongozi wake wa njia kile cheupe kileleni ni nini, alijibiwa kwamba huenda ni baridi. Kisha Uchaggani akasikia kisa cha Sabaya. Mtawala wa Machame, Rungua, aliwahi kutuma kundi la watu juu wakachunguze weupe ule. Mmoja wao, Sabaya, alirudi hai, mikono na miguu imeharibika, imejikunja kwa ndani.

Kilichompata kinaeleweka leo. Damu inapoanza kupoa, sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili, nyuzi 37 hivi, huamuru mishipa midogo ya ngozi ijibane. Damu huvutwa kuelekea moyo, mapafu na ubongo. Misuli hutetemeka, na kutetemeka huko huweza kuzalisha joto mara kadhaa ya lile la mtu aliyetulia. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, ulimi huwa mzito na akili huvurugika. Likikaribia 30, hata kutetemeka hukoma, na hapo kifo kiko karibu. Vinavyolipia ulinzi huu ni vidole. Vikikosa damu ya moto, maji yaliyomo katika nyama huganda, chembe zake huumia, na nyama hufa. Mwili wa Sabaya ulivitoa vidole ili mwenyewe aishi. Naustaajabia ukali wa uamuzi huo, unaofanywa bila mtu kuulizwa.

Lakini huko London, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto za wamisionari. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda Kilimanjaro kupita mita 4,000, theluji ikawaangukia. Cooley hakukubali hata hapo. Ushahidi aliokuwa akiudai ulikuwa Machame siku nyingi, katika mikono ya mtu mmoja, naye hakuona haja ya kuuzingatia.