Rangi ya Mwali na Rangi ya Kopo

Ukiuliza Temeke mkorogo wa kujichubua umetoka wapi, utaambiwa Kongo. Ni jibu rahisi, maana Mkongo hayupo hapo kujitetea. Mimi nina saluni Tandika. Nimeshika vichwa vya bibi, mama na binti wa nyumba moja, na ninachokijua ni kwamba hamu ya kung'ara ilikuwapo hapa kabla losheni yoyote haijavuka Ziwa Tanganyika. Ila ilikuwa na msimu wake.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzaramo wa Bunju, kaskazini mwa Kinondoni, enzi ambazo Bunju ilikuwa kijiji cha minazi na mikorosho. Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani. Wakati wa bibi, mwali aliweza kukaa huko miezi mingi, hata mwaka na zaidi, jua akiliona kwa kujiiba tu. Alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono, nywele zake zimechongwa vishungi viwili. Kazi yake ilikuwa kukiogesha na kukipaka mafuta, akijifunza kulea. Marja-Liisa Swantz, mama wa Kifini aliyeishi Bunju miaka ya 1960, aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake cha 1970 kuhusu matambiko ya Wazaramo. Yeye alitafuta maana ya kila kitu. Bibi yangu alizungumzia ngozi. "Mwali akitoka," alikuwa akisema, "hata mama yake humtazama mara mbili."

Alitoka laini, ametakata, rangi imefunguka, kwa sababu ngozi isiyopigwa na jua hupunguza weusi wake yenyewe. Hapakuwa na dawa. Rangi ile ilitangaza kwamba msichana huyu alikuwa na watu wa kumlimia na kumchotea maji muda wote ule. Akishaolewa alirudi shambani, na msimu mmoja wa kupalilia ulitosha kumrudishia rangi yake.

Waswahili wa mwambao nao walikuwa na yao. Bibi harusi alisingwa siku kadhaa: liwa ikasagwa kwenye jiwe la msio, ikachanganywa na manjano, somo akamsugua kuanzia shingoni hadi nyayoni. Hadi leo nasinga maharusi hapa saluni, ingawa liwa ya kweli imepanda bei na wengine wanauziwa unga wa mbao wenye marashi. Manjano hukaa siku chache, yakaondoka na maji.

Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Kumfungia mtoto wa kike mwaka mzima ni kumnyang'anya mengi, na ni heri shule ilipofupisha muda huo ukawa wiki chache za likizo. Nasema tu kwamba weupe ule ulikuwa wa kuazima na kila mtu alijua utarudishwa.

Kopo la kwanza ninaloweza kulitaja kwa jina ni Ambi. Katika miaka ya 1960 matangazo ya krimu za namna hiyo yalijaa kwenye jarida la Drum, pamoja na picha za wanawake wa mjini wenye nywele zilizonyooshwa. Shangazi yangu, karani wa kupiga taipu, alikuwa mmoja wa waliolisoma. Jumamosi alichoma nywele: kitana cha chuma juu ya jiko la mkaa, mafuta ya mgando, harufu ya kuungua nyumba nzima. Alikuwa na wigi pia.

Ndani ya makopo ya wakati huo kulikuwa na zebaki, na baadaye haidrokwinoni. Jamii hii ya pili iligunduliwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliandika habari za wafanyakazi Weusi wa kiwanda cha ngozi huko Waukegan, Illinois, ambao mikono yao ilikuwa imetoka mabaka meupe. Walipochunguza walikuta kisa ni glavu zao, kwa kuwa mpira wake ulikuwa umetiwa kemikali ya ukoo wa haidrokwinoni, inayoizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Kilichokuwa ajali ya kazini kikaja kuwa biashara.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 zilipigwa marufuku sketi fupi, wigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, kwa jina la utamaduni wa taifa. Vijana hawakungoja Januari. Kariakoo, kwenye vituo vya mabasi, makundi yao yaliwavamia wanawake, na polisi wakaitwa kuwatawanya. Wigi la shangazi likaingia chini ya godoro, na kopo likahamia kwenye mtungi wa mchele.

Jambo moja la kampeni ile halitajwi sana. Wakati huohuo Wamasai walikuwa wakishinikizwa na viongozi wa Arusha kuacha lubega, ngeu na nywele za kusuka, ili nao wafanane na taifa la kisasa. Karani wa Temeke alikosa kwa kuiga Wazungu, moran wa Monduli akakosa kwa kutowaiga. Leo pita Kinondoni au hapa kwetu Tandika: wasusi wa rasta wanaosifika kwa mkono mwepesi ni vijana wa Kimasai, wamevaa lubega zao, wamekaa kwenye vigoda. Kusukana wamejifunzia nyumbani. Nimekaa na wawili kibarazani kwangu, na wateja wanawasubiri wao kuliko wanavyonisubiri mimi.

Krimu hazikufa kwa marufuku. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa figo, wakaonyesha kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu zenye zebaki. Ulaya ilikataza zebaki kwenye vipodozi vyake mwaka 1976, lakini viwanda vya huko, kimoja kikiwa Ireland, viliendelea kuchemsha sabuni za zebaki kwa soko la Afrika. Afrika Kusini ilikataza haidrokwinoni mwaka 1990, baada ya ndugu pacha Abraham na Solomon Krok kutajirika kwa kuuza krimu hizo.

Kwetu mlango ulifunguka wakati wa urais wa Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Bidhaa zikaingia, saluni zikachipuka kila mtaa kuanzia Mwananyamala hadi Mbagala, na hapo ndipo mkorogo ulipopata jina. Kinachokorogwa kinategemea mkorogaji: krimu ya haidrokwinoni, mrija wa dawa ya ukurutu yenye steroidi, pengine dawa ya kunyoosha nywele, pengine jiki. Hupimwa kwa kijiko na kuuzwa kwenye kopo lisilo na jina. Mitaani wakamtungia mtumiaji utani, sura Fanta, miguu Coca-Cola, kwa sababu vifundo vya vidole na magoti huwa havikubali. Utani huo siupendi. Anayechekwa ni mwanamke aliyepaka. Mwanamume aliyemwambia anataka mke mweupe hachekwi na mtu.

Steroidi hukondesha ngozi hadi daktari akitaka kushona jeraha hapati pa kushika uzi. Na ngozi iliyonyang'anywa rangi hubaki uchi mbele ya jua. Hilo mji huu unalijua kuliko miji mingi. Mwaka 1985 Dakta Luande na wenzake wa kituo cha saratani Dar es Salaam waliandika kuhusu watu wenye ualbino 350, wakaonyesha kwamba jua linaanza kuwaharibu ngozi tangu utotoni na kwamba ni wachache waliofika miaka 30 na zaidi. Wateja wangu wawili wana ualbino. Wanatafuta mafuta ya kuzuia jua, wakiyapata ni ghali. Jirani yao anatafuta pesa za kuondoa kile ambacho wao walinyimwa.

Marufuku ya pili ilikuja na Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya 2003, iliyounda TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Mwaka 2019 vipodozi vilihamishiwa TBS, shirika la viwango. Wakaguzi huja, shehena huchomwa, picha hutoka magazetini. Kidogo hii ni afadhali kuliko 1968, maana angalau inamfuata muuzaji dukani badala ya mwanamke kituoni. Lakini inamfuata wa rejareja, mwenye meza Kariakoo au Tandika, na kontena bado linapita kabla yake.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye saluni wenzangu, na nalisema kwa jina la kazi yetu. Soma kopo. Likiandika haidrokwinoni, zebaki au steroidi kama klobetasoli, lirudishe. Lisipoandika chochote, usimpake mtu. Anayetaka kung'ara siku ya harusi yake msinge. Liwa ipo, manjano yapo, na mimi jiwe la msio ninalo, njoo uazime.