Kiwanda cha Redio Kilichogeuka Mtaa wa Sanaa

Waliojenga kiwanda namba 718, pembezoni mwa Beijing, hawakuwaza sanaa. Kilifunguliwa mwaka 1957 kutengeneza vifaa vya elektroniki, vikiwemo vya jeshi, na michoro yake ilitoka Ujerumani Mashariki. Mwaka 1964 kikagawanywa kuwa viwanda kadhaa, kila kimoja na namba yake. Kimojawapo ni 798, namba ambayo leo inatambulisha mtaa mzima.

Wasanifu wa Kijerumani walitanguliza kazi kabla ya mapambo. Paa walilipa meno kama ya msumeno, na madirisha yake marefu wakayaelekeza kaskazini. Jijini Beijing jua halipigi moja kwa moja kutoka upande huo, kwa hiyo mwanga huingia kwa wingi bila kuumiza macho wala kutupa vivuli vikali. Fundi aliyeunganisha vipuri vidogo aliuhitaji mwanga huo. Miaka arobaini baadaye, mchongaji naye akauhitaji.

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 yaliviacha viwanda hivyo hoi. Wafanyakazi wengi walipunguzwa na karakana zikabaki tupu. Mwaka 1995 walimu wa uchongaji wa CAFA, chuo kikuu cha sanaa cha Beijing, walikodi karakana moja ili watengeneze sanamu kubwa. Nafasi ilikuwa tele, kodi ndogo. Mmoja wao, Sui Jianguo, akahamishia huko studio yake. Mwaka 2002 Mmarekani Robert Bernell akafungua duka la vitabu katika kantini ya zamani, na msanii Huang Rui naye akaingia. Waliofuata walipaka kuta chokaa, ila maandishi mekundu ya kumsifu Mao waliyaacha darini.

Mmiliki, kampuni ya Seven Star, alikuwa na mpango mwingine: kubomoa na kujenga mji wa elektroniki. Kwake wapangaji hawa walikuwa wa kupita tu. Wao wakajibu kwa kuwafungulia umma milango, maonyesho yakafuatana, na wageni wa ndani na nje wakamiminika. Mwaka 2004 Li Xiangqun, mchongaji aliyekuwa pia mjumbe wa Bunge la Wananchi la Jiji la Beijing, aliwasilisha hoja ya kuyanusuru majengo kama urithi wa viwanda. Ubomoaji ukasitishwa, na mwaka 2006 jiji likalitambua eneo hilo kuwa kitovu cha ubunifu.

Ushindi huo ulikuwa na bei yake. Mwaka 2007 tajiri wa Ubelgiji, Guy Ullens, alifungua humo jumba kubwa la sanaa, UCCA. Mikahawa na maduka yakafuata, kodi ikapaa, na wasanii wengi wakahamia vijiji kama Caochangdi. Hoja ya Li ilitetea matofali na mapaa. Mkataba wa mpangaji haukuwa na mtetezi, na jiji lolote linalotaka kugeuza maghala yake kuwa mtaa wa sanaa lingefanya vyema kuanzia hapo.