Mandhari

Neno mandhari, ambalo ni ndugu wa nadhari na nadharia, kwa kuwa yote matatu yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kutazama, tangu zamani hutaja yale macho yaonayo, mfano wa jabali la Liuli, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, lililowafanya Wajerumani waite bandari ile Sphinxhafen. Na leo limehamia katika kioo cha simu na kompyuta.

Tovuti ya utafutaji ya Bing, iliyofunguliwa mwaka 2009, hubadili mandhari yake kila siku, na aandikaye programu ya kuichukua hapewi picha mara moja, bali hujibiwa kwanza kwa maandishi yenye anwani ya picha, maelezo yake na jina la mwenye haki, ndipo programu iombe tena kwa anwani ile na kuihifadhi. Jina hilo, nawasihi vijana, lihifadhiwe pamoja na picha.

Wapo waiitao picha hiyo ya kioo mandharinyuma. Sioni haja ya nyongeza hiyo, kwani kwa asimamaye Kihagara, katika mwambao uleule wa Liuli, akilielekea Ziwa Nyasa, mandhari iko mbele yake.