Medali ya Tisa

Huko Ireland kuna mchezo uitwao hurling. Kila timu ina watu 15, kila mmoja na gongo lake la mbao, na wote wanagombea kampira kanakoenea kiganjani. Si mchezo wa mtoto, bwana! Na mshahara hakuna.

Bingwa wao mmoja alikuwa Christy Ring, mzaliwa wa Cloyne, jimbo la Cork, mwaka 1920. Kwa riziki yake aliendesha lori la mafuta. Akiwa na Cork alitwaa ubingwa wa Ireland mara nane: 1941 hadi 1944 mfululizo, 1946, halafu 1952 hadi 1954.

Septemba 1956, akiwa na miaka 35, aliifuata medali ya tisa uwanja wa Croke Park, Dublin, mbele ya watu zaidi ya 83,000. Dakika za mwisho Wexford wanaongoza kidogo tu. Jamaa akaachia shuti kali. Kipa Art Foley akalidaka! Punde Nicky Rackard akafunga upande wa pili, kazi ikaisha.

Sasa sikia. Mpira ulipokwisha, Nick O'Donnell na Bobby Rackard, mabeki wa Wexford waliokuwa wakimkaba, walimnyanyua Ring mabegani wakatoka naye uwanjani.

Medali ya tisa hakuipata mpaka alipofariki mwaka 1979.

Tumezoea kusema asiyekubali kushindwa si mshindani. Wale mabeki wametuongezea la pili: na kushinda nako kuna adabu yake. Waandishi wenzangu, hadithi si lazima iishie kwenye kombe.