Kujizungusha au Kuzungushwa? Historia ya Istilahi Moja ya Urubani

Istilahi ikifasiriwa kwa kufuata viungo vyake tu, bila kuchunguza jambo linalotajwa, huweza kumpotosha mwanafunzi. Mfano mmoja ni otorotesheni, jina la hali inayomwezesha rubani wa helikopta kutua salama injini inapozimika angani. Viungo vya neno hilo vikifasiriwa kimoja kimoja, tunapata "kujizungusha". Historia ya jambo lenyewe yaonyesha kwamba tafsiri hiyo haitoshi.

Chanzo chake si helikopta. Mhandisi Mhispania, Juan de la Cierva, alitafuta ndege isiyoanguka inapopungukiwa na mwendo. Mnamo Januari 1923, huko Getafe, Hispania, chombo chake alichokiita autogiro kiliruka. Injini iliendesha rafadha ya mbele tu. Mapanga marefu ya juu yalizungushwa na hewa iliyopita kati yake kutoka chini kwenda juu. Helikopta, ambayo mapanga yake huendeshwa na injini, iliirithi elimu hiyo. Tarehe 10 Mei 1937, nchini Ujerumani, rubani Ewald Rohlfs aliitua helikopta ya Focke-Wulf Fw 61 injini ikiwa imezimwa.

Rubani wa leo hufundishwa mambo matatu. Kwanza, aushushe mara moja wenzo wa mkono wa kushoto ili kupunguza pembe ya mapanga. Pili, ailinde kasi ya mapanga wakati wa kushuka. Tatu, akaribiapo ardhi, ainue pua ili kupunguza mwendo, kisha aupandishe wenzo na kutumia nguvu iliyobaki katika mapanga ili atue taratibu. La kwanza halingoji. Katika helikopta nyepesi kama Robinson R22, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1979, mapanga hupoteza kasi upesi mno. Rubani akichelewa kidogo, kasi hiyo yaweza isirudi tena. Baada ya ajali kadhaa, mwaka 1995 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa kanuni maalumu iliyowataka marubani wa R22 na R44 wapate mafunzo ya ziada ya kutua kwa namna hii, na ya kutambua mapema kupungua kwa kasi ya mapanga.

Hapo ndipo uzito wa istilahi unapoonekana. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba mapanga "yanajizungusha" aweza kudhani kuwa kazi itajifanya yenyewe. Akiambiwa "yanazungushwa na hewa", hana budi kuuliza ni nini kitakachoiwezesha hewa kuyazungusha. Jibu la swali hilo ndilo somo lenyewe: wenzo ushushwe.

Kiswahili hakikosi nyenzo za kutenganisha maana hizo mbili. Kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake. Kauli ya kutendwa humtafuta mtenda mwingine. Kwa hiyo yafaa vitabu vya mafunzo vitumie "mzungusho kwa hewa", na otorotesheni ibaki kando yake kwa ajili ya mitihani na mawasiliano ya kimataifa. Mfasiri ajiulize kwanza nani anatenda, ndipo achague kauli ya kitenzi.